Soma meno, usisome mteremko: nilichojifunza kwenye spektra za nyota zilizozeeka

Mtu akisikia nasoma mwanga wa nyota swali lake la kwanza huwa lile lile, hii ina miaka mingapi? Na jibu langu huwa halimridhishi, maana spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa rangi kwa rangi, haikupi umri, inakupa uso. Inakwambia pale juu kabisa kuna joto kiasi gani, gesi imebanwa au imelegea, kuna elementi zipi na zinakimbia kwa kasi gani, basi, mengine unajengea mwenyewe. Kwa nyota ya kawaida kama Jua hilo halina tabu sana. Kwa nyota iliyozeeka, yaani ile iliyomaliza haidrojeni kwenye kiini, uso ndo una mambo, kwa sababu vilivyopikwa ndani vinaanza kupanda juu na vingine vinapeperushwa nje, unakuta nyota mbili ambazo kwa macho zote ni nyekundu tu kumbe moja imejaa oksaidi ya titani na nyingine imejaa kaboni.

Niseme na vifaa kidogo ili tuelewane. Nilianza na darubini ndogo, kamera, na kile kioo cha gratingi, cha kutawanya mwanga, chenye mistari 100 kwa milimita ambacho unakifunga mbele ya kamera kama filta, hakina mwanya mwembamba wa kuchuja mwanga wala taa ya kulinganishia, picha inatoka na nyota yenyewe ikiwa doa na pembeni yake mkanda wa mwanga uliotawanywa. Programu inaugeuza ule mkanda kuwa grafu. Ili ujue pikseli ipi ni nanomita ngapi, yaani urefu gani wa wimbi la mwanga, unapiga nyota nyeupe, Vega ama Sirius, mistari yake ya haidrojeni, pale haidrojeni ilipokula mwanga, iko wazi kabisa, 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2, ukishaipata hiyo kalibresheni imekwisha. Ila kuna jambo maelekezo mengi hayalikazii: fokasi iweke kwenye mkanda, achana na doa la nyota, kwa sababu mara nyingi hivyo viwili havikai kwenye fokasi moja na doa likiwa kali mkanda unalegea, mistari inayeyuka. Baadaye nilipata kutumia spektrografu ya mwanya, ambayo kweli inatenganisha mambo vizuri zaidi, lakini sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu nyota kongwe nilikipata kwenye kile kioo kidogo, maana alama za nyota hizi ni pana, nene, zinaonekana hata kwa kifaa cha kuanzia.

Sasa somo lenyewe. Ukitazama grafu ya nyota nyekundu kinachovuta jicho kwanza ni mteremko, bluu iko chini, nyekundu iko juu, na kichwa kinataka kusema hii ni ya baridi, tumemaliza. Huo mteremko umeguswa na mikono mingi. Kamera yenyewe haioni rangi zote sawasawa, hewa yetu inakula bluu zaidi nyota ikiwa karibu na upeo wa macho, vumbi lililoko kati ya nyota nalo linakula bluu, na nyota zilizozeeka zina la ziada kwamba nyingi zinajitengenezea vumbi zenyewe zikajifunika. Mwitikio wa kamera unausahihisha kwa kugawanya na nyota ambayo spektra yake inajulikana, na ni lazima ufanye, ila vumbi linabaki pale pale. Kisichoharibika kirahisi ni meno. Nyota yenye baridi ya kutosha, tuseme chini ya kelvini 4,000, inaruhusu atomi kushikana kuwa molekuli, na molekuli haikati mstari mmoja mwembamba kama atomi, inakata bendi nzima yenye ukingo mmoja mkali na mwingine unaofifia taratibu, ndo maana grafu inatoka kama msumeno. Vumbi linaweza kuuinamisha msumeno wote lakini haliwezi kuongeza jino wala kuling'oa.

Na meno yana upande. Hapa ndo niliponogewa. Oksaidi ya titani ina bendi inayoanzia 516.7 nanomita, na molekuli ya kaboni mbili, C2, kwenye zile bendi zake zinazoitwa za Swan, ina moja inayoishia 516.5. Kwa kifaa changu hizo namba mbili ni sehemu moja, ukisoma namba peke yake umekwama. Lakini angalia umbo. Kwenye titani, ukitoka upande wa bluu kwenda nyekundu grafu inaporomoka ghafla ikifika 516.7 halafu inajikongoja kupanda, yaani ukuta uko kushoto na mteremko uko kulia. Kwenye kaboni ni kinyume chake, grafu inazama taratibu kuanzia kwenye bluu, inafika chini kabisa, halafu kwenye 516.5 inaruka juu wima. Msumeno umegeuzwa. Padri Angelo Secchi kule Roma aliyaona haya miaka ya 1860 kwa jicho lake kwenye darubini bila kamera yoyote, na ndo akazitoa nyota nyekundu za bendi zilizogeuka kwenye kundi lake la tatu akaziundia la nne. Sababu iko ndani ya molekuli yenyewe: ikimeza mwanga, oksaidi ya titani inalegea na atomi zake zinakaa mbali kidogo, C2 inakaza, na hilo ndo linaloamua ukingo mkali uwe upande upi. Kwa hiyo mimi nikifungua faili jipya jicho linakwenda 516 kabla ya kwingine kokote, nikishajua ukuta uko upande gani ndo nahakikisha kwenye bendi nyingine, 705 kwa titani, 473.7 na 563.6 kwa kaboni.

Kwa nini hilo jino moja linabeba habari nzito hivyo? Ni ugomvi wa kaboni na oksijeni. Hizi mbili zikikutana zinaunda kaboni monoksaidi, na kifungo chake ni kigumu mno, hakuna molekuli nyingine pale juu inayoweza kukifungua, kwa hiyo kila atomi ya kaboni inajibebea ya oksijeni moja mpaka ile iliyo chache iishe. Iliyobaki ndo inatawala spektra. Jua lina kaboni kama nusu hivi ya oksijeni kwa idadi ya atomi, na nyota nyingi zinaanza karibu na hapo, maana yake kaboni yote inamezwa na oksijeni iliyosalia inakwenda kushikana na titani na wenzake, unapata nyota ya daraja M. Sasa nyota ikifika ile awamu ya mwisho ya kuwa jitu jekundu, yaani imevimba mno na uso umepoa, kiini chake kimeshakuwa kaboni na oksijeni na juu ya kiini kuna tabaka mbili nyembamba zinazowaka kwa kupokezana, moja ya heliamu na moja ya haidrojeni. Ile ya heliamu inawaka kwa kishindo kila baada ya maelfu mengi ya miaka, na kishindo kikipita ile gesi ya nje inayopanda na kushuka inafika chini zaidi ya kawaida, inachota kaboni mbichi na kuileta juu. Wenyewe wanauita uchotaji wa tatu. Kila uchotaji unaongeza kaboni kidogo, inaongezeka, inaongezeka, mpaka kaboni inaipita oksijeni, na hapo kila kitu kinapinduka, sasa oksijeni ndo inayomezwa yote, titani inabaki haina mwenza, na kaboni iliyozidi inashikana yenyewe kwa yenyewe na kushikana na naitrojeni. M imekuwa C. Hazifiki zote huko, nyepesi sana hazichoti vya kutosha na nzito sana zinaichoma ile kaboni kuwa naitrojeni kabla haijafika juu, lakini zinazofika zinafika kwa njia hiyo.

Kama una darubini na hujawahi kuiona nyota ya kaboni, itafute R Leporis, ile aliyoipata John Russell Hind mwaka 1845, au La Superba ambayo Secchi mwenyewe ndiye aliyeipa jina. Rangi yake kwenye jicho inashtua kidogo. Kwenye grafu upande wa bluu unakuwa kama umekatwa na kisu, karibu hakuna mwanga, na ndo maana kuzipima ni kazi, unaongeza muda wa picha ili bluu ionekane na nyekundu inafurika pikseli. Mimi napiga seti mbili tofauti, fupi kwa ajili ya nyekundu na ndefu kwa ajili ya bluu, naziunganisha baadaye.

Katikati ya M na C kuna kundi ninalolipenda kuliko yote, S. Hapa kaboni na oksijeni zimekaribiana sana, zinamezana karibu zote, hakuna iliyobaki kwa wingi, na msumeno wa titani unapungua makali. Kinachojitokeza kwenye ule utulivu ni oksaidi ya zirkoni, bendi ya 647.4 nanomita ndo ya kuangalia. Chi Cygni kwenye kundinyota la Dajaja ni mfano unaojulikana sana. Kwa gratingi ndogo unakiona kijino chembamba pale kwenye 647, mahali ambapo nyota ya M ya kawaida haina jino la namna hiyo, na ili ukiamini lazima uwe na nyota ya M ya joto linalofanana umeipiga kwa kifaa hicho hicho usiku huo huo uziweke pamoja kwenye skrini. Hii kazi ya kulinganisha ndo uainishaji wenyewe, kitabu cha namba peke yake hakikufikishi. Mfumo wa Morgan, Keenan na Kellman wa mwaka 1943 ulijengwa hivyo hivyo, kuna nyota za mfano na unauliza hii yangu inafanana na ipi.

Zirkoni inatoka wapi? Inatengenezwa humo humo ndani, kwenye yale matabaka, kwa viini vya atomi kumeza nyutroni moja moja pole pole. Na ushahidi wake ni kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria naona ni uchawi wa halali. Mwaka 1952 Paul Merrill alitangaza kuona mistari ya teknetiamu kwenye nyota za S. Teknetiamu haina isotopu, yaani aina ya atomi zake, hata moja iliyo thabiti. Ile inayotengenezwa kwa njia hii ya nyutroni, 99, nusu yake inaoza kwa miaka kama 211,000, na nyota yenyewe imeishi mamilioni mengi kama sio mabilioni, kwa hiyo haiwezi kuwa ilizaliwa nayo, imeipika yenyewe juzi tu. Watu walikuwa bado wanabishana kama nyota zinatengeneza elementi nzito au zilizikuta zipo, na mistari michache myembamba kwenye bluu, 423.8, 426.2, 429.7, ikaufunga ule ubishi. Kwa gratingi yangu hiyo mistari haionekani kabisa, nyota hizi bluu hazina mwanga na mistari ni myembamba, hivyo nilikwenda kuitazama kwenye spektra za darubini kubwa ambazo hifadhi zao ziko wazi kwa umma. Nashauri sana mtu afanye hivyo, piga yako kwanza, halafu fungua ya wakubwa ya nyota hiyo hiyo uone yale yaliyojificha ndani ya grafu yako.

Halafu kuna nyota za S ambazo teknetiamu hazina. Zina zirkoni, zina kila kitu, teknetiamu hakuna. Hizo kumbe hazikupika, zilipewa. Zina mwenza ambaye alizeeka kabla yao, akapitia hatua hiyo, akamwaga gesi yake juu ya jirani na sasa amebaki kibete cheupe, kile kiini kidogo kilichobanwa cha nyota iliyokufa, na teknetiamu iliyokuja na ile gesi ilishaoza zamani. Nyota za bariamu ambazo Bidelman na Keenan walizieleza mwaka 1951 ni ndugu wa hizo, baadaye ilikuja kuonekana kwamba ziko kwenye mifumo ya nyota mbili. Mimi hili lilinibadilisha namna ya kusoma, siku hizi nikiona elementi nzito juu ya nyota najiuliza kwanza ni zake au za jirani.

Jingine ni tarehe. Daraja la nyota hizi bila tarehe halikusaidii kitu. Mira, jitu jekundu linalovimba na kusinyaa, inapwita kwa mzunguko wa siku kama 332 na daraja lake linahama toka karibu M5 ikiwa angavu mpaka M9 ikiwa imefifia, kwa hiyo mtu akikwambia Mira ni M7 muulize lini. Nilikuwa naipiga kila anga lilipokubali nikawa napanga grafu moja juu ya nyingine, na meno ya titani yanaonekana wazi yakizama na kupanda, lakini kilichonishika zaidi ni mistari angavu ya haidrojeni iliyochomoza katikati ya hayo meno. Kwenye gesi ya kawaida inayong'aa ule wa 656.3 ndo mkubwa. Kwenye Mira ikiwa karibu na kilele, wa 410.2 ndo unaochomoza kuliko wote. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mawimbi ya mshtuko yanaiwasha haidrojeni huko chini, halafu oksaidi ya titani iliyotanda juu yake inaifunika mistari ya upande wa nyekundu na kuiachia ile ya zambarau ipite.

Titani hiyo hiyo ni kipimajoto kizuri. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse kwenye kundinyota la Jabari ilipoanza kufifia mpaka mtu yeyote akiangalia juu anaona, kila mtu alikuwa anasema inalipuka. Emily Levesque na Philip Massey waliipiga spektra Februari 2020, wakapima kina cha bendi za titani, wakapata joto la kelvini kama 3,600, na walikuwa na kipimo chao cha mwaka 2004 kilichosema 3,650. Tofauti ndogo mno kuweza kueleza ufifiaji mkubwa vile, hivyo vumbi likawa mshukiwa mkuu. Ndo lile nililosema, mteremko na mwangaza viliyumba, meno yakabaki karibu yale yale.

Tahadhari mbili za haraka kabla sijaacha nyota nyekundu. Bendi ya 760 nanomita ni oksijeni ya hewa yetu wenyewe, iko kwenye kila nyota mahali pale pale, haina uhusiano na nyota, na mimi naitumia kama kigingi cha kuhakikishia kalibresheni. Na sio kila M imezeeka: vibete vyekundu, zile nyota ndogo za baridi, navyo vina titani tele na havijafika hata karibu na uzee. Ukiwa na kamera inayoona mpaka 870 hivi angalia sodiamu kwenye 819, kwa kibete ni nzito kwa sababu gesi imebanwa, kwa jitu ni hafifu, wakati mistari mitatu ya kalsiamu, 849.8, 854.2 na 866.2, inanenepa kwa jitu. Au chukua umbali wake toka vipimo vya darubini ya angani ya Gaia, kibete na jitu vinatofautiana mwangaza halisi kwa mamia na maelfu ya mara, hapo hakuna ubishi.

Nyota nzito zinazeeka kwa mtindo mwingine kabisa. Mwaka 1867 Charles Wolf na Georges Rayet wakiwa kwenye kituo cha Paris walikuta nyota tatu kwenye Dajaja ambazo badala ya mistari myeusi zilikuwa na mikanda mipana iliyong'aa. Hizi ni nyota zilizovuliwa koti lote la haidrojeni, unaona moja kwa moja vilivyopikwa: WN zina heliamu na naitrojeni, WC zina heliamu, kaboni na oksijeni. Kwa anayeanza hakuna kitu kitamu kama hiki, gamma Velorum inaonekana hata bila darubini na ukiifungia gratingi unaona vilima viwili vikubwa, kimoja karibu 465 na kingine 580.8, havihitaji hata programu, viko pale kwenye skrini ya kamera. Na vilima hivyo vinakupa upepo wa nyota bure. Chukua cha 580.8, tuseme toka katikati yake mpaka ukingoni ni nanomita 3, gawanya 3 kwa 580.8, zidisha na kasi ya mwanga kilomita 300,000 kwa sekunde, unapata kama kilomita 1,550 kwa sekunde. Gesi inaondoka kwenye ile nyota kwa kasi hiyo. Ni hesabu ya kuelekeza tu maana kifaa chenyewe nacho kinatanua mistari, ila ukubwa wake uko sawa.

Sasa hapa ndo pana mtego mzuri. Kuna nyota inaitwa BD+30°3639, spektra yake ukiiweka mbele ya mtu aliyezoea nyota za Wolf na Rayet atakwambia ni ya daraja la WC bila kusita. Lakini imekaa katikati ya nebula ya sayari (wingu la gesi iliyotupwa na nyota inayokufa, halihusiani na sayari), ni kiini kilichobaki cha nyota nyepesi iliyokuwa jitu jekundu, uzito wake hauufikii kabisa ule wa gamma Velorum, na mwisho wake ni kibete cheupe wakati zile nzito nyingi zinangoja kuporomoka kiini. Uso unafanana kwa sababu hali ya usoni inafanana: moto mkali, haidrojeni imekwisha, upepo mzito wa kaboni. Wataalamu wanaiandika ndani ya mabano ya mraba, [WC9], ili mtu asichanganye. Nimekuja kuyaheshimu sana hayo mabano, yanakiri kwamba spektra imefika mwisho wake na kilichoamua ni ile nebula iliyoizunguka pamoja na umbali.

Nebula zenyewe kwa gratingi isiyo na mwanya ni burudani. Kwenye picha ya uwanja mzima kila nyota inaacha mkanda mrefu, ila nebula ya sayari inaacha nukta, nukta moja au mbili zimekaa peke yake hazina mkanda, kwa sababu mwanga wake karibu wote umejikusanya kwenye rangi chache. William Huggins alipoielekezea spektroskopu NGC 6543 mwezi Agosti 1864 alitarajia mkanda wa nyota akakuta mistari angavu, akajua pale pale ni gesi. Ule mkubwa wa 500.7 haukulingana na elementi yoyote ya maabara, watu wakabuni elementi mpya wakaiita nebuliamu, na fumbo hilo likaishi miaka zaidi ya sitini, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ndani ya gesi nyepesi kiasi kwamba inaweza kufanya ambacho maabara haikuiruhusu kufanya.

Vibete vyeupe vilinitesa kwa ufifi wake lakini kimoja kinafikika, 40 Eridani B. Shida ni jirani yake A anayeng'aa mno, mkanda wake unaweza kumwangukia B, dawa ni kuizungusha gratingi mpaka mikanda ipite sambamba bila kugusana. Ukishaipata utaona mistari ya haidrojeni ile ile ya Vega ila imetanuka vibaya, na ile ya upande wa zambarau inaungana mpaka inapotea. Gesi imebanwa na mvutano mkubwa mno, atomi zinasukumana. Daraja lake ni DA, na namba inayofuata unaipata kwa kugawa 50,400 kwa joto, kwa kelvini 17,000 inatoka karibu 3. DB ni heliamu, DZ ni metali. Ile DZ ya kwanza, nyota ya van Maanen, ilipigwa spektra mwaka 1917 ikaonyesha kalsiamu, kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo kwa sababu kwenye kibete cheupe metali zinazama haraka. Leo tunasema zile ni vipande vya mawe ya mfumo wake wa sayari vikiendelea kuangukia juu yake. Kwa hiyo tena swali ni lile la nani mwenye hizo elementi.

Na uzee hauna rangi moja. Nyota iliyolipuka Februari 1987 kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, SN 1987A, ilikuwa imeshaainishwa kabla, Sanduleak -69 202, B3 I, jitu kuu la bluu, wakati wengi walitarajia kinacholipuka hivyo kiwe jitu kuu jekundu. Kuna na zile ambazo spektra haizitenganishi vizuri hata ukiwa na kifaa kikubwa: jitu jekundu linalopanda bado linachoma haidrojeni kuzunguka kiini, na jingine lililokwisha kuwasha heliamu kiinini, joto la uso moja, mwangaza unakaribiana, meno yale yale. Hizo zilikuja kutenganishwa vizuri mwaka 2011 kwa mitetemo iliyopimwa na darubini ya Kepler, kwa sababu mtetemo unafika kiinini na mwanga haufiki.

Siku hizi napoteza muda mwingi kwenye spektra za Gaia zilizotolewa Juni 2022, zipo za vyanzo kama milioni 220, za mchanuo mdogo, yaani zisizotenganisha mistari iliyo karibu, unaokaribia ule wa kile kioo changu cha mwanzo, na kompyuta imeshachambua humo nyota za kaboni zaidi ya 15,000 kwa kuangalia bendi za kaboni na naitrojeni huko kwenye nyekundu ya mbali. Nazifungua moja moja. Za kaboni zinajitambulisha zenyewe, za M pia, ila za S ndo zinazosumbua, kijino cha 647 kwa mchanuo ule kinamezwa na majirani, nikikuta moja inayonitia shaka naiweka kwenye orodha ya kupiga kwa spektrografu ya mwanya, pamoja na nyota mbili za M za kulinganishia.